Ng'ombe wa Vijiji Vitatu

Jumatano ile, saa nne asubuhi, Mama Hezekia alisimama mbele ya mkutano wa kijiji cha Kwesonto akamkana ng'ombe wake. Hakupigwa, hakufungwa, hata sauti hakupandishiwa. Francis, katibu tarafa, alimwita "mama yetu" mara tatu, akaagiza aletewe kiti, kisha akaanza kumweleza kwa upole wa muuguzi aliyeficha sindano mgongoni. Alisema kuna maneno yanatembea kijijini. Watu wanasema yule ng'ombe mweupe aliyekufa alikuwa mali ya mtu binafsi, na mtu huyo sasa anadai alipwe mwingine. Yeye Francis alikuwa na karatasi, na karatasi zinasema ng'ombe alikuwa wa kijiji. Sasa mtu anayejitwalia mali ya wote, katika nchi hii ya leo, anaitwaje?

Watu walijua anaitwaje. Walijua pia kwamba shamba la mjane huyo la kando ya mto, lenye matuta mazuri na kabichi za kuvutia, lilipakana na shamba la pamoja, na mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa majani tu. Na mtu akishaitwa mnyonyaji, shamba lake halina mpaka tena. Francis hakulisema hilo. Alilitazama tu lile shamba, pale chini bondeni, akalitazama muda wa kutosha.

"Sema tu, mama yetu, tumalize," akamwambia.

Mama Hezekia akainuka kitini. Jina lake la ubatizo ni Klara, lakini tangu ajifungue mtoto wa kwanza hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mchungaji.

"Ng'ombe hakuwa wangu," akasema.

"Alikuwa wa nani?"

"Wa kijiji."

Wakampigia makofi. Nataka jambo hili lieleweke vizuri: walimpigia makofi. Alikuwepo Nikodemo, jirani yake, ambaye mikono yake miwili ndiyo iliyomvuta ng'ombe huyo kutoka tumboni mwa mama yake. Walikuwepo wanawake ambao watoto wao walikunywa maziwa yake walipougua surua. Wote walipiga makofi, kila mmoja akiangalia miguu yake, kisha wakaenda kulima. Mama Hezekia alirudi nyumbani, akalala kitandani na viatu vyake, akageukia ukutani.

Selina, binti yake, alikaa mlangoni na mtoto wake mgongoni. Alimsikia mama akisema neno moja tu mchana kutwa. Alisema, "Mbele ya watu."

Ng'ombe huyo aliitwa Sabuni. Alikuwa mweupe kote, isipokuwa baka jeusi lililozunguka jicho la kulia, kana kwamba alipigwa ngumi, na pembe yake ya kushoto ilipinda ikaangalia chini. Huko milimani mtu hana ng'ombe mia. Ana mmoja, akibahatika wawili, nao hulala chini ya paa moja na mwenyewe, hukatiwa majani, hupewa chumvi kwa kiganja. Ng'ombe wa namna hiyo anajulikana kama mtu. Ukimkuta njiani unajua ni wa nani, ana mimba ya miezi mingapi na juzi aliharibu bustani ya nani. Sabuni alikuwa na mimba ya miezi mitano, na ndama alikwisha kuahidiwa Selina.

Aliyekuja kumwomba alikuwa Hezekia mwenyewe, kifungua mimba. Hezekia alikuwa mpiga filamu wa serikali huko Dar es Salaam. Miaka kumi na miwili alikuwa amebeba miguu mitatu ya kamera za watu wengine. Alikwisha kupiga mabwawa, viwanda vya nguo, kampeni za kuchemsha maji ya kunywa, na hakuna filamu hata moja iliyoandikwa jina lake. Sasa alikuwa amepewa yake: filamu ya dakika ishirini kuhusu vijiji vya ujamaa vya wilaya ya kwao, ioneshwe sikukuu ya Saba Saba. Alifika mwezi wa kwanza na kamera mbili na moyo mkubwa, akakuta kijiji cha Kwesonto kina ng'ombe wa pamoja kwenye karatasi tu. Francis alitoka Tanga mjini na alitaka kupanda cheo. Hakuona shida. Akauliza kama hakuna mtu wa kuwaazima ng'ombe.

Hezekia akaenda kwa mama yake. Alimwambia ni siku moja tu, hapo hapo kijijini. Mama alicheka, akamsugua Sabuni kwa maji na majivu, akamfunga kamba mpya. Alifurahi kwamba ng'ombe wake ataonekana na nchi nzima.

Siku moja ikawa wiki. Kijiji cha pili, Mbokoi, nacho kilikuwa na ng'ombe wa karatasi, kwa hiyo Sabuni akapelekwa huko, akakamuliwa na wanawake wengine waliofundishwa kutabasamu. Kisha Francis akaleta lori la tarafa, wakamteremsha hadi bondeni, upande wa Mnazi, kwenye kijiji kipya kilichoanzishwa mwaka ule. Ng'ombe wa milimani aliyekulia kwenye baridi na ukungu akashushwa kwenye joto na kupe. Mtoto wa darasa la kwanza wa Kwesonto angewaambia jambo hilo lisifanyike. Francis hakujua, maana kwao ng'ombe ni nyama. Hezekia alijua.

Mkataba wa bondeni ulikuwa siku moja. Lakini Hezekia alitaka milima ionekane nyuma ya Sabuni, wazi, bila ukungu, ili mtazamaji aone bonde na mlima katika picha moja. Siku ya kwanza ukungu ulifunika vilele. Siku ya pili vile vile. Francis alisema wapige hivyo hivyo, lori linahitajika. Hezekia akakataa, akamwambia hiyo ni filamu yake. Siku ya tano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, milima ikafunuka, na akapata picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga maishani.

Sabuni alirudi nyumbani na kupe masikioni. Wiki mbili baadaye tezi zilimvimba chini ya masikio, akaanza kuhema kama mzee mwenye pumu, povu likamtoka puani. Ndigana, ugonjwa wa kupe. Alitupa mimba usiku wa Ijumaa, na Jumapili, watu wakiwa kanisani, akafa. Hezekia alikuwa amekwisha kurudi Dar na makopo yake ya filamu. Mama Hezekia alipokwenda ofisini kwa Francis kuuliza atasaidiwaje, ndipo mambo ya karatasi na mkutano yalipoanza.

Barua ya Selina ilimfikia Hezekia baada ya Pasaka. Akaomba ruhusa ya siku nne, akapanda basi hadi Mombo, kisha jingine la kupandisha mlima. Alifika jioni na blanketi la zawadi. Mama yake alilipokea, akalikunja, akaliweka juu ya kabati bila kulitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akauliza habari, akajibiwa ni nzuri. Akataka kuanza kusema juu ya Francis, jinsi atakavyomshtaki mkoani, jinsi atakavyoandika barua. Mama alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Kisha akamwambia barua zinasomwa na akina Francis wenzake, na jibu lake litakuwa ni kulichukua shamba.

"Mimi nilisema kwa mdomo wangu kwamba ng'ombe hakuwa wangu," akasema. "Hayo hayafutwi na barua. Watu walisikia kwa masikio yao. Nataka waone kwa macho yao."

Hezekia akasema kwamba picha anazo zote.

"Uso wake upo?"

"Upo. Vijiji vyote vitatu."

Mama akaguna. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile Selina kumwona akinyanyua kichwa. Hakumsifu mwanawe, hakumtia moyo. Alimuuliza kama amekula, akamwekea ugali, kisha akaenda kuziba tundu la upande wa nyumba aliolala Sabuni, ambao sasa haukuwa na mnyama ndani.

Filamu ile ilikuwa imekwisha kuungwa nusu. Katika muungano wa kwanza Hezekia alikuwa mwangalifu: Sabuni wa Kwesonto alionekana kiwele na mikono ya mkamuaji, wa Mbokoi alionekana kwa nyuma, na wa bondeni alikuwa mbali, chini ya milima. Mtu yeyote angehesabu ng'ombe watatu. Sasa alirudi kwenye chumba cha kuunga, akafunga mlango, akaanza kukata upya. Alitafuta nyuso. Alimkuta Sabuni wa Kwesonto akitafuna na baka lake jichoni, sekunde saba. Alimkuta wa Mbokoi akigeuza kichwa kwa kero, pembe ile iliyopinda ikipita mbele ya kamera. Wa bondeni aliiangalia kamera moja kwa moja, siku ya tano, macho yamelegea. Akawaunga mmoja baada ya mwingine. Maneno ya msimulizi hakuyagusa hata nukta.

Alifanya kazi hiyo kwa raha ambayo hajawahi kuipata kazini. Mtu akitaka kujua kisasi kina ladha gani, angekwenda kumtazama Hezekia akilamba kidole na kuinua utepe kwenye taa. Kila alipomwona Sabuni alimwona Francis, na kila alipomwona Francis mikono yake ilitulia. Ilipofika picha ya bondeni, yenye ile milima iliyo wazi, aliiangalia haraka kuliko nyingine. Hakujiuliza kwa nini.

Mkuu wake wa kazi, Bwana Issa, mtu wa pwani, aliitazama filamu yote akiwa amekunja mikono. Hezekia alikaa nyuma yake akitokwa na jasho. Sabuni wa kwanza akapita, wa pili akapita, wa tatu akaja akawatazama wote wawili.

"Ng'ombe wazuri," Bwana Issa akasema. "Wanafanana."

"Ni mbegu moja, mzee."

"Ndiyo maendeleo hayo." Akatia sahihi.

Siku ya Saba Saba yalinyesha manyunyu, kwa hiyo sherehe ya wilaya ilihamishiwa ukumbini, mjini Lushoto, na madirisha yakazibwa kwa mablanketi ili pawe giza saa nane mchana. Mgeni wa heshima alitoka mkoani. Alikuwa mtu mnene wa taratibu aliyekuwa na kikohozi, na Francis aliketi karibu naye akimshikia glasi ya maji. Francis alikuwa amewaleta watu wa Kwesonto na Mbokoi kwa lori, wavae vizuri, wakae mbele, wapige makofi. Kumbe alijipakilia mashahidi wake mwenyewe. Mama Hezekia alikaa safu ya tatu, amevaa gauni lake la ushirika mtakatifu. Selina alikuwa kulia kwake, Nikodemo kushoto.

Hezekia aliiwasha projekta kwa mkono wake. Jina lake likatokea ukutani kwa herufi kubwa nyeupe, na watu wa kwao wakashangilia. Zikapita shule, zahanati, vijana wakichimba matuta. Kisha sauti ya msimulizi ikasema kwamba hapa Kwesonto wananchi wamejipatia ng'ombe wa maziwa wa pamoja, naye Sabuni akajaa ukutani, mkubwa kuliko nyumba, akitafuna.

Watu walikuwa wanamtazama marehemu.

Sauti ikasema kwamba huko Mbokoi nako, kwa juhudi zao wenyewe, wananchi wamenunua ng'ombe bora. Sabuni akageuza kichwa. Mwanamke mmoja wa Mbokoi akacheka kidogo, akajiziba mdomo. Sauti ikaendelea kwamba hata bondeni, katika kijiji kilichoanzishwa juzi tu, matunda yameanza kuonekana; na Sabuni akawatazama kwa mara ya tatu, na baka lake, na pembe yake. Hapo kicheko kilichokuwa kimezuiwa kikalipuka. Kilianza safu za mbele kikaenda nyuma mpaka kwa waliosimama mlangoni. Walicheka watu waliopiga makofi Jumatano ile, walicheka mpaka machozi, na wengine katika machozi hayo hawakuwa wanacheka.

Mgeni wa heshima aliinua mkono. Projekta ikazimwa, blanketi moja likashushwa, mwanga ukaingia. Akauliza wananchi wanacheka nini, naye acheke.

Francis alisema kwa haraka kwamba watu wa huku hawajazoea sinema.

Mgeni hakumgeukia. Alikuwa anamtazama mzee aliyekuwa amesimama safu ya tatu. Ni Nikodemo, kofia mkononi.

"Mzee, ng'ombe huyo ana nini?"

"Ni mmoja," Nikodemo akasema. "Wote watatu ni mmoja. Mimi nilimzalisha."

"Ni wa kijiji gani?"

Nikodemo akafungua mdomo, lakini Mama Hezekia alikuwa ameinuka. Alimgusa mzee kwenye kiwiko ili akae.

"Si wa kijiji," akasema. "Ni wangu. Anaitwa Sabuni. Alikufa mwezi wa pili kwa ndigana, na mimba yake, kwa sababu alitembezwa kama maonyesho. Katibu huyu alinisimamisha mbele ya hawa, nikasema uongo, nikasema si wangu. Leo nasema kweli mbele ya hawa hawa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni alikunywa maji, akairudisha glasi mkononi mwa Francis, akamuuliza karatasi za ng'ombe wa tarafa zinasema wangapi. Francis akasema sitini na wanne. Mgeni akasema kesho asubuhi angependa kuwaona. Alisema kwa utaratibu ule ule, akikohoa. Mtenda akitendewa huona kaonewa: Francis alitoka ukumbini akilalamika kwamba amehujumiwa, na nje, kwenye manyunyu, watoto walimfuata wakilia kama ng'ombe. Aliwakemea na wakaongeza sauti. Nasema wazi kwamba sikumhurumia, na mpaka leo simhurumii. Mwezi wa nane aliondolewa cheo, na shamba la kando ya mto halikutazamwa tena na mtu wa ofisini.

Lakini siku ile ile, kabla jua halijazama, nyumba ya Mama Hezekia ilijaa. Wale wale wa makofi walikuja. Mmoja alileta mkungu wa ndizi, mwingine sukari, mwingine kuku wa kufugwa. Hezekia aliketishwa kwenye kiti cha marehemu baba yake, wakamwita mghoshi, mwanamume wa heshima, wakamsimulia filamu yake mwenyewe tangu mwanzo. Alijua kwamba huko Dar barua ya kumwadhibu ingeandikwa, na pengine angemalizia utumishi wake akipanga makopo ya filamu stoo. Hakujali. Alikuwa mtoto aliyemlipizia mama yake. Alicheka na kila mtu, akamtafuta mama yake kwa macho ili acheke naye.

Mama alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Alingoja mpaka kila mgeni akapata chai.

"Hezekia," akasema. "Sabuni alikaa Mnazi siku ngapi?"

Hezekia alikiweka kikombe chini.

"Tano, mama."

"Francis alitaka ngapi?"

Kelele za wageni zilikwisha moja moja. Selina alimtazama kaka yake, akamtazama mama, akambana mtoto kifuani.

"Moja."

"Rajabu, dereva wa lori, alikuja kunipa pole mwezi wa tatu," mama akasema. "Akanieleza mlivyogombana. Tangu siku hiyo najua. Ulipokuja na blanketi nilikuwa najua. Nilinyamaza, kwa sababu Francis alikuwa mbali na mkono wangu na wewe ndiye fimbo niliyokuwa nayo. Fimbo haitupwi nyoka hajafa."

"Mama, nilitaka milima..."

"Mimi usiniambie. Nimeshajua. Waambie hawa. Nilisimama mbele yao nikasema uongo ambao haukuwa wangu. Wewe simama useme kweli iliyo yako."

Akaomba ayaseme hayo kesho, akaomba waongee wawili pembeni. Mama hakutoka mlangoni. Wageni walishika vikombe vyao bila kunywa. Hakuna aliyejua kama ni adabu kuondoka au kubaki. Kwa miaka kumi na miwili Hezekia alikuwa nyuma ya kamera, mahali ambapo mtu haulizwi neno. Akainuka kutoka kwenye kiti cha baba yake, na alipoanza kusema sauti ilimtoka nyembamba kama ya mvulana.

Alisema Francis ndiye aliyemshusha ng'ombe bondeni, lakini siku nne zilizomwua zilikuwa zake. Alisema alijua habari za kupe tangu utotoni. Alisema aliwaona kupe hao shingoni mwa Sabuni siku ya tatu, akamfuta kwa kitambaa ili wasionekane kwenye picha, akaendelea kungoja ukungu uondoke.

Lile la kitambaa hata Rajabu hakulijua. Mama Hezekia alifumba macho, akashika mwimo wa mlango, kisha akayafumbua.

Nikodemo alikuwa wa kwanza kuondoka. Alivaa kofia yake, akamuaga mama mwenye nyumba kwa heshima, akapita mbele ya Hezekia bila kumpa mkono. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, wakiacha vikombe vimejaa chai.

Nyumba ilipobaki na watu wake, Hezekia alisema, "Nisamehe, mama." Alisema akiwa bado amesimama, maana hakuna aliyemwambia akae.

"Nitakusamehe," mama akasema. "Si leo." Akakusanya vikombe viwili vitatu, akavimwaga nje, akarudi. "Sasa nimemaliza na wote wawili. Selina, mpakulie kaka yako chakula."

Selina akampakulia. Hezekia akala peke yake, na mama yake hakutoka jikoni mpaka alipomaliza.